Shoti za kichwa baada ya kuacha dawa za depresheni: jibu kwa binti wa Kisauni

Waalaikum salaam mdogo wangu. Jibu fupi nalitanguliza ili usilale na hofu: hayo uliyoyaeleza yanafanana sana na mwili unaodai dawa iliyokatizwa ghafla, na yana njia ya kutulizwa. Umesema mamako alimeza venlafaksini, dawa ya depresheni, ya miligramu 75 kwa zaidi ya mwaka. Ramadhani ilipoingia akaiacha, kwanza kwa ajili ya saumu, pili kwa kuwa alijiona amepona. Hazikupita siku nyingi, kizunguzungu kikaanza, kichefuchefu, jasho la usiku, ndoto za kutisha, kilio kisicho na sababu, na "umeme" unaopita kichwani. Shangazi yako anasema ni jini. Jirani anasema maradhi yamerudi. Wewe wauliza kama mama amekuwa mraibu. Daktari ndiye wa kuthibitisha, lakini mimi sioni kama ni lolote katika hayo matatu, na nasema hivyo kwa kuwa dawa hiyohiyo niliipitia.

Mimi ni fundi wa kushona, Majengo. Baada ya kufiwa na mume wangu nilizama kwenye depresheni, nikaandikiwa venlafaksini, na ilinitoa. Sitaki mtu asome haya akadhani naitukana dawa. Nilipopata nafuu, kliniki niliyokuwa nikihudhuria iliniambia nimalize pakiti niliyonayo, basi. Habari ya kupunguza kidogo kidogo hakuna aliyeitaja. Siku ya pili baada ya kapsuli ya mwisho nilikuwa nimeinama kwenye cherehani, nakunja pindo la buibui. Kila nikihamisha macho kutoka kwenye sindano kwenda pembeni, shoti. Inaanza nyuma ya macho, inapita hadi kisogoni, na kwa nukta moja ni kama mtu amekata stima kisha akairudisha. Haiumi, ila inatia hofu kubwa. Mteja akiniita mlangoni nikamtupia jicho, shoti tena. Nikaja kuona kwamba nikigeuza kichwa kizima polepole, macho yakabaki mbele, zinapungua. Mwambie mama ajaribu hivyo, hasa akiwa jikoni na anapovuka barabara. Feri ya Likoni nilikuwa siiwezi kabisa siku zile. Ikiyumba kidogo tu, nyongo juu.

Sasa kwa nini haya yatokee. Dawa hizi huzuia ubongo usiirudishe haraka serotonini, kemikali ya ubongo, iliyokwisha kutumika, na venlafaksini hufanya hivyo pia kwa kemikali nyingine, noradrenalini. Miezi inavyopita ubongo hujipanga upya kulingana na hali hiyo. Ukiiondoa dawa kwa siku moja, dawa imeondoka lakini ule mpango mpya bado upo, na kuupangua kunachukua wiki, kwa wengine miezi. Ndipo hapo katikati mtu anapoteseka.

Na venlafaksini huondoka mbio. Nusu yake hutoka damuni kwa saa 5 hivi, na kile inachogeuka kuwa mwilini, ambacho nacho hufanya kazi, nusu yake hutoka kwa saa 11 hivi. Kwa hiyo siku ya pili mwili umebaki karibu mtupu. Paroksetini, dawa nyingine ya depresheni, nayo ina sifa mbaya kama hiyo. Fluoksetini, ya jamii hiyohiyo, ni kinyume: mabaki yake hukaa wiki kadhaa, kwa hiyo hujipunguza yenyewe, na aliyeiacha huenda asisikie kitu mwanzoni kisha dalili zikaja baadaye sana, wakati hata hakumbuki tena kwamba kuna dawa aliiacha. Amitriptilini, ambayo wengi hapa wanaijua kama dawa ya usiku, ikikatwa ghafla huweza kuleta tumbo kuvuruga, jasho, kichwa kuuma na kukosa usingizi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuacha "dawa za mawazo" wiki moja na mmoja akasema hakuona lolote, mwingine akalala kitandani.

Kuhusu jirani anayesema maradhi yamerudi, tazameni saa. Depresheni ikirudi, kwa kawaida huja pole pole, baada ya wiki nyingi au miezi, na huja na sura yake ya zamani: mtu haoni ladha ya kitu, anajiona hana thamani, anajitenga. Dalili za kuacha dawa huja ndani ya siku chache, na huja na vitu ambavyo mgonjwa hakuwahi kuwa navyo hata alipokuwa hoi. Muulize mama: kabla ya kuanza dawa, aliwahi kupigwa na shoti kichwani? Kama hakuwahi, una jibu. Alama nyingine kubwa ni kwamba dawa ikirudishwa, dalili za namna hii aghalabu hutulia kwa siku moja hadi chache, ilhali depresheni yenyewe huhitaji wiki kadhaa za dawa ndipo ipungue. Kosa la kuchanganya mawili haya lina gharama. Mtu huambiwa "umeona, huwezi kuishi bila dawa", akarudishwa kwenye dozi kubwa miaka na miaka, kumbe alihitaji tu kushushwa taratibu.

Uraibu nao sivyo. Sisi wa Mombasa tumewazika vijana wetu kwa sababu ya unga, najua neno hilo linavyomkata mzazi. Mraibu huisaka dawa, huongeza kipimo, huuza vyombo vya nyumbani. Mamako aliiacha kwa hiari yake na haitamani. Mwili wake umeizoea, na kuzoea huko kupo hata kwa baadhi ya dawa za presha, ambazo ukizikata ghafla presha hupaa. Asione aibu.

Kwa shangazi sitaki umjibu kwa ukali. Anampenda nduguye na anatafuta maelezo kwa kile anachokiona, na mtu anayeshtuka ovyo na kupiga kelele usingizini anatisha. Msomeeni mama Qur'ani, mkitaka anywe kombe anywe, mimi mwenyewe nilisomewa na moyo ulitulia. Ninachokuomba ni kimoja: kisomo kisije kikawa sababu ya kumzuia asiende kwa daktari, na asipewe mitishamba asiyoijua ya kumeza wakati huu.

Kuhusu saumu, venlafaksini ya kutolewa taratibu, yaani kapsuli inayoachilia dawa kidogo kidogo mwilini, humezwa mara moja kwa siku pamoja na chakula, kwa hiyo Ramadhani haiipingi. Wengine huimeza baada ya futari, wengine wakati wa daku kwa sababu ikimezwa usiku inawanyima usingizi. Hata kama daktari ataona mama asifunge kwa sasa, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Nasikitika kila mwaka kuona watu wakipangiwa dawa Rajabu na Shabani bila yeyote kuwauliza watafanyaje mwezi ukiandama. Halafu shida zikianza, kichwa kinasemwa ni cha njaa na kizunguzungu ni cha kiu, mpaka Idi imefika.

Cha kufanya sasa: mpelekeni kwa daktari kesho, msingoje Idi. Kwa kuwa amekaa siku kadhaa bila dawa, daktari aseme aanze tena na kipimo gani. Asimeze mbili kwa mpigo kufidia zilizopita. Wakati mnangoja, kahawa chungu aipunguze, na kama anatafuna miraa au muguka aweke kando, maana vitamwongezea moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Mkienda duka la dawa kutafuta kitu cha kichwa, msikubali tramado (tramadol, dawa ya maumivu) kwa mtu anayetumia au anayeanza tena venlafaksini. Dawa mbili hizo zikikutana zinaweza kuipandisha serotonini kupita kiasi, na hilo ni hatari ya kweli: joto la mwili, kutetemeka, kuchanganyikiwa, degedege. Mtajieni mwuza dawa kila kitu anachomeza.

Hapa ndipo nataka uniskilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapoangushwa, na mara nyingi na watu waliosoma. Kupunguza dawa si kukata nusu, kisha nusu ya nusu, kisha kwisha. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor waliandika kwenye jarida la Lancet Psychiatry wakionyesha kwamba kipimo cha dawa na nguvu yake ubongoni haviendi sambamba. Chukua sitalopramu, dawa nyingine ya depresheni: miligramu 20 hushika karibu asilimia 80 ya zile sehemu inazozilenga ubongoni. Ukishuka hadi miligramu 5, yaani robo, bado inashika karibu asilimia 60. Umeondoa robo tatu ya dawa, na kazi yake ubongoni imepungua kwa kama robo tu. Kisha ukitoka kwenye zile 5 hadi sifuri, asilimia 60 zote zinaondoka kwa mpigo mmoja. Mtu anashangaa: nilishuka vizuri, mbona hatua ya mwisho, ile ndogo, ndiyo iliyoniua? Ndiyo sababu. Hatua zinatakiwa ziwe ndogo zaidi kadiri unavyokaribia mwisho, na kila hatua ipewe wiki za kutosha kabla ya nyingine. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili cha Uingereza kilitoa mwongozo kwa wagonjwa mwaka 2020 wenye maelezo ya namna hiyohiyo.

Mimi daktari wa pili niliyemwona, mama mmoja mtulivu, alinirudisha kwanza kwenye 75 na shoti zikakoma upesi. Akaniacha hapo mpaka nikatulia kabisa. Kisha 37.5 kwa muda mrefu. Chini ya hapo hakuna kapsuli ndogo zaidi, na kapsuli za kutolewa taratibu hazisagwi wala hazitafunwi, kwa hiyo akanihamishia fluoksetini, ambayo inakaa mwilini, akanishusha kwa hiyo. Kwa fluoksetini aliniruhusu mwishoni kumeza siku moja na kuruka moja. Tafadhali usimfanyie mama hivyo kwa venlafaksini. Ukiruka siku kwa dawa inayotoka kwa saa chache, kila siku ya pili unamtia kwenye shida ileile anayoikimbia. Fluoksetini ya maji ipo duniani na ingerahisisha vipimo vidogo, lakini nilizunguka maduka ya dawa ya Mwembe Tayari na Nyali sikuipata. Muulizeni daktari wenu, pengine leo hali ni tofauti.

Safari nzima ilichukua sehemu kubwa ya mwaka. Siku za baada ya kila hatua nilikuwa mwepesi wa kulia na wa hasira, wanangu walijua, niliwaambia mapema: wiki hii mama ameshuka dozi, mnivumilie. Hilo lilisaidia kuliko nilivyotarajia.

Na si kila mtu hupatwa. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2024 kwenye jarida hilohilo la Lancet Psychiatry ulionyesha kwamba katika watu walioacha, kama mmoja kwa watatu alipata dalili fulani, lakini hata waliokuwa wakimeza vidonge vitupu bila kujua, mmoja kwa sita alizipata. Dalili kali kabisa ziliwafika watu kama 3 kwa kila 100. Nataja hili ili mtu anayeanza dawa asizikimbie kwa kusoma haya. Vilevile si kila mtu anafaa kuacha. Utafiti wa Uingereza wa 2021 uliwafuata watu waliokuwa wametumia dawa kwa muda mrefu na wako sawa: ndani ya mwaka, asilimia 56 ya walioachishwa walirudiwa na depresheni, na asilimia 39 ya walioendelea. Mama akae na daktari apime mwenyewe. Akiona kubaki kunamfaa, asishurutishwe na mtu kuacha eti imani yake ni ndogo.

Msingoje kesho ukiona haya: anazungumzia kufa au kujidhuru, hawezi kukaa kitako hata dakika kwa wasiwasi, hajalala siku mbili na badala ya kuchoka ana nguvu za ajabu na maneno mengi, au amechanganyikiwa hajui alipo. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo. Coast General pale Makadara ipo, na Port Reitz kuna kitengo cha magonjwa ya akili. Usiku wa manane ukihitaji mtu wa kuzungumza naye, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari 1199, haina malipo.

Mkienda, bebeni pakiti yenyewe hata ikiwa tupu, maana jina na miligramu zimeandikwa humo, na daftari uliloandika siku ya tembe ya mwisho na siku kila dalili ilipoanza. Muulize daktari: anarudi kwenye kipimo gani, atakaa hapo muda gani kabla ya kushuka, na akifika kwenye kapsuli ndogo kuliko zote njia itakuwa ipi. Akikujibu "aache tu" bila zaidi, tafuteni daktari mwingine. Nisalimie mama sana, na ukishamwona daktari niandikie alivyosema.