Kabla ya Kukaa Meza ya Ruleti, Hesabu Sifuri

Mtu akijua nimewahi kucheza ruleti, ile kamari ya kubahatisha kijipira kitatua kishimo gani cha gurudumu, huniuliza: niweke wapi, nyekundu au namba 17? Mimi humuuliza meza yenyewe ina sifuri ngapi.

Gurudumu la Ulaya lina vishimo 37: namba 1 hadi 36, nusu nyekundu nusu nyeusi, na sifuri moja ya kijani. La Kimarekani lina 38, kwa sababu limeongezewa sifuri pacha, 00. Malipo hayabadiliki. Namba yako moja ikitoka unalipwa 35 kwa 1, yaani faida ya mara 35 ya dau lako, kwenye meza zote mbili, na hapo ndipo kasino inapokula: kwa wastani asilimia 2.7 ya kila dau meza ya Ulaya, 5.26 ile ya Kimarekani. Karibu mara mbili, kwa kijishimo kimoja tu!

Mchezo ni wa Kifaransa. Mwishoni mwa karne ya 18 ulishachezwa Paris. Mwaka 1843 huko Bad Homburg, Ujerumani, ndugu François na Louis Blanc wakaleta gurudumu la sifuri moja ili kuwavuta wachezaji. Baadaye François akaendesha kasino ya Monte Carlo. Wafanyabiashara hasa wale.

Kuhusu madau, namba mbili jirani hulipa 17 kwa 1, mstari wa namba tatu 11, namba nne zinazokutana kona moja 8, mistari miwili ya namba tatu tatu 5, dazeni au safu nzima 2. Rangi, shufwa au witiri, ndogo (1 hadi 18) au kubwa (19 hadi 36): 1 kwa 1. Usidhani kuna dau la wajanja. Kihesabu karibu yote yanakukata sawa, ila la namba moja hukumaliza haraka zaidi. Mimi hukaa kwenye rangi, maana nimekuja kukaa.

Kinachomaliza watu ni kudabo, yaani kuweka dau mara mbili kila ukiliwa. Nilikaa jirani na jamaa mmoja wa nyeusi: akaanza na 1,000, akaliwa, 2,000, akaliwa, 4,000... Alipoliwa mara ya sita alikuwa ameshatoa 63,000, na ya saba ilimtaka 64,000 ili apate faida ya 1,000 ile ile. Akawa anarudia, "Lazima itoke sasa." Wapi! Gurudumu halina kumbukumbu. Agosti 1913, Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, na watu waliokuwa wanasubiri nyekundu wakaacha hela nyingi mezani.

Kwa hiyo nenda na hela ya starehe, ya kodi na ada ibaki nyumbani, na kadi ya benki pia. Halafu kuna hili ambalo wageni hawaambiwi: chipu za ruleti, vile vidude vya duara unavyowekea dau badala ya hela, mara nyingi huwa na rangi ya mchezaji mmoja mmoja, na thamani yake inajulikana pale pale mezani tu. Ukimaliza, mrudishie mchezeshaji akupe chipu za kawaida, ndipo uende kwa keshia. Ukitoka nazo mfukoni, dirishani watakurudisha ulikotoka.