Oili ya gari ya turbo Kampala: kilomita zilinidanganya

Nianze na kale kasitika ka oili ka mlangoni. Wenye magari ya kutoka Japani mnakajua, kanabandikwa pale kwenye fremu ukifungua mlango wa dereva, kameandikwa Kijapani na namba kadhaa. Yangu ni Subaru Forester ya turbo, kale kafeni kanakosukumia injini hewa zaidi kwa nguvu ya moshi wake, na kwenye kasitika palikua na 17. Fundi wa kwanza akaniambia ati ilibadilishwa oili ikiwa na kilomita elfu kumi na saba, mimi nikafurahi nikajua nimepata gari mpya kabisa. Kumbe 17 ni mwaka wa kalenda yao, ukijumlisha na 1988 unapata 2005. Basi.

Lakini chini yake palikua na kitu nilichokielewa: oili inayofuata ni baada ya kilomita 5,000. Nikasema hii ndio sheria, nikaifuata kama dini. Kila 5,000 namwaga, naweka mpya, filta mpya, risiti naweka kwenye dashibodi. Na bado turbo ikakufa mkononi mwangu, ilianza kulia kama firimbi ukikanyaga mafuta, halafu moshi wa bluu, halafu nguvu zikaisha kabisa nikiwa napandisha pale Kireka na magari yote nyuma yanapiga honi.

Nilichukua muda kuelewa nilikosea wapi, na ndio sababu naandika hii.

Naishi Mukono, kazi iko Industrial Area. Ni kama kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, lakini mnajua Jinja Road bana, Kireka, Banda, Nakawa, kwa siku nakaa ndani ya gari masaa matatu na injini inawaka. Sasa piga hesabu. Kilomita 40 kwa masaa matatu, hiyo ni mwendo wa kilomita 13 kwa saa, bodaboda anakupita huku anapiga simu. Kwa mwendo huo kilomita 5,000 ni masaa 375 ya injini. Mtu anayeenda Mbarara kila wiki kwa wastani wa 70 anazimaliza kilomita hizo hizo kwa masaa 71 hivi. Yaani oili yangu ilikua inafanya kazi zaidi ya mara tano ya oili yake, na sisi wote odometa inasoma sawa.

Na kwenye jamu ndio oili inaumia zaidi, kwa sababu hewa haipiti vizuri kwa injini, joto linakaa hapo hapo, na ile safari fupi ya dukani, kuwasha na kuzima, inaacha petroli kidogo ikichuruzika ndani ya oili. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, unuse. Ikinuka petroli, usingoje namba yoyote, mwaga.

Turbo nayo ina mambo yake. Shafti yake inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoishika ni utando mwembamba tu wa oili, upande mmoja kuna moshi wa moto kutoka injini. Ukifika nyumbani umekanyaga kweli kweli halafu ukazima papo hapo, ile oili iliyobaki pale inaungua. Kwenye injini yangu bolti ya paipu inayopeleka oili kwa turbo ina kachujio ndani, kadogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Fundi aliyeitengeneza alikatoa akakaweka kwenye kiganja changu: keusi tii, kamejaa kitu kama ukoko wa sufuria ya wali, ukikashika juani huoni tundu hata moja. Hapo ndio oili ilikua inatakiwa kupita.

Saa hii mimi nabadilisha kila kilomita 3,000 au miezi mitatu na nusu, itakayofika kwanza. Nikiwa na mwezi wa safari ndefu ndefu naachia mpaka 5,000 bila wasiwasi. Na kabla ya kuzima, dakika mbili za mwisho naendesha polepole mtaani, hiyo inatosha.

Tuje kwa namba zilizoandikwa kwenye galoni ya oili, hapa ndio kuna kelele. Kuna fundi mmoja alinishikilia kabisa kwamba gari ikizeeka inataka oili nzito, weka 20W-50 usahau. Sisemi 20W-50 ni sumu, kuna jamaa wanaopiga resi Busiika na injini zilizolegea wana sababu zao. Lakini elewa unanunua nini. Hiyo namba ya mbele yenye W ni ya baridi: 5W inapimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Kampala asubuhi ni kama nyuzi 17 juu, kwa hiyo usiuze mbuzi ili upate 0W. Ila oili nyepesi asubuhi bado inafika juu haraka, na kwa turbo sekunde hizo zina maana, ndio maana 20W mimi situmii.

Namba ya nyuma ndio ya kwako, ni uzito wake injini ikishapata moto. Toyota Premio ya kawaida isiyo na turbo, 30 inaitosha. Ya turbo, kwa jua letu na jamu yetu na ile milima ya kwenda Kabale, mimi naweka 40, 5W-40 sintetiki (ile ya kutengenezwa kiwandani) au nikikosa 10W-40. Halafu geuza galoni usome nyuma, mbele ni matangazo tu. Tafuta maandishi ACEA A3/B4, hicho ni kipimo cha ubora cha watengeneza magari wa Ulaya, maana yake hata ikifika nyuzi 150 haiwi maji. Kwa upande wa API, kipimo cha Wamarekani, tafuta SN au SP, SN ilikuja 2010 na SP 2020. Nimeona galoni za bei rahisi zimeandikwa SF, hiyo ni ya magari ya 1988 kurudi nyuma jamani, inauzwa na gari yako ina turbo!

Feki zipo, hilo siwezi kuzunguka. Niliwahi kununua duka moja nikaona mfuniko unageuka bila kukatika ile ringi ya chini, nikarudisha, mwenye duka akanirudishia pesa bila hata kuuliza, ikanipa jibu. Tangu siku hiyo galoni yangu ikiisha naitoboa msumari kabla ya kuitupa, kwa sababu kuna watu wanazipitia kuzikusanya, na hawazikusanyi kuwekea maji.

Oili kupungua pia ni kawaida kwa hizi injini za Subaru ambazo pistoni zake zimelala ubavu, msiogope, ila mpime. Yangu kwenda Kabale na kurudi inakula nusu lita. Simamisha mahali tambarare, ngoja dakika tano, futa dipstiki, chovya tena. Mara nyingi upande mmoja wa dipstiki unasoma juu na mwingine chini, amini ule wa chini. Kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja, na lita moja kwa injini inayobeba nne na kitu sio mchezo. Mimi nabeba nusu lita kwa buti, imefungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, isimwagike.

Kitu cha mwisho ni filta. Usiitupe. Tunaikata na msumeno wa chuma, tunatoa ile karatasi ya ndani, tunaikunjua juani kama akodioni. Weusi ni sawa. Unachotafuta ni vimeremeta vya rangi ya shaba, hivyo vinatoka kwa beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounga pistoni na shafti ya injini, na ukiviona simamisha gari, usiende nayo hata sokoni. Fundi wangu wa sasa mwanzoni alinicheka ati nachezea takataka. Juzi nilimkuta peke yake amechuchumaa nje ya garaji na filta ya mteja, anaigeuza geuza juani, akaniita: "Ssebo, hebu njoo uone hii."