Muswada ulikwama Seneti

Ndugu, umeuliza kwa nini Marekani wanazika watoto wa shule halafu Bunge lao halipigi marufuku zile bunduki zenye muundo wa kivita. Waliwahi kuzipiga marufuku, 1994. Sheria ile iliwekewa muda wa miaka 10, ikaisha 2004, haikuhuishwa. Na hata ilipokuwa hai haikugusa bunduki ambazo watu walikuwa nazo tayari.

Julai 2022, miezi miwili baada ya watoto 19 na walimu 2 kuuawa Uvalde, Texas, Baraza la Wawakilishi lilipitisha marufuku mpya kwa kura 217 dhidi ya 213. Ikafia Seneti, baraza la pili la Bunge lao. Kule ushindi wa kura moja hausaidii: kufunga tu mjadala ili muswada upigiwe kura kunahitaji maseneta 60 kati ya 100, na hao hawakupatikana.

Kilichopita ni sheria ndogo ya Juni mwaka huohuo, inayotaka mnunuzi wa chini ya miaka 21 achunguzwe zaidi. Wengi waliibeza. Mimi siibezi sana, maana muuaji wa Uvalde alikuwa na miaka 18 na bunduki zake alizinunua kihalali.