Unayo pesa, siyo rupia

SWALI: Shikamoo Mzee. Shemeji karudi kutoka Geita na mashine ya kutafutia dhahabu. Tumeipitisha shambani, ikalia chini ya mwembe. Tukachimbua sarafu ya kijani: upande mmoja ndege, upande wa pili Kiarabu na namba 1309 (madrasa nimesoma). Dalali anasema ni rupia ya Mjerumani, inavuta punje za mchele, tuifiche mpaka mnunuzi aje kutoka Dar. Kweli? Na tuisafishe kwa kitu gani?
Msomaji, Mwambani, Tanga

JIBU: Marahaba. Mchele hauvutwi na sarafu, mwanangu. Anayevutwa hapo ni wewe. Subiri, utaambiwa uchangie nauli ya huyo mnunuzi.

Rupia ya Mjerumani ni ya fedha, ina sura ya Kaiser Wilhelm II kavaa kofia yenye tai. Yako ni shaba, ndiyo maana imeota kijani. Hiyo ni pesa, na ndilo jina lake hasa. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilizitoa 1890 hadi 1892. Ndege ni tai, Kiarabu kinaitaja kampuni yenyewe, na 1309 ni Hijria, yaani 1891 au 1892. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 Wajerumani wakaleta heller, 100 kwa rupia, nasi tukabaki na "hela" mdomoni. Pesa hizi zipo nyingi. Usikope kwa kuitegemea.

Ndimu usiisogeze! Ya marehemu bibi niliisugua kwa ndimu na majivu, ikang'aa kama sufuria ya harusi, tai akabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Mtaalamu niliyempelekea hakuigeuza hata upande wa pili. Loweka kwenye maji ya mvua, toa udongo kwa kijiti, iache ikauke. Kijani kibaki.

Mashine hiyo msiipeleke kwenye magofu ya Tongoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba huko bila kibali ni kosa. Tena, Waingereza na Wajerumani walipigana Tanga Novemba 1914: mkikuta chuma kirefu chenye kutu, msikigonge, iteni polisi.

Nijibu hili: chini ya mwembe ilikuwa moja tu, na kina gani? Kama hamkupima, rudini na futi kabla mvua haijafukia shimo.