Mdogo wangu, injini ya baba usiiuze

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniandikia kutoka Igombe, Mwanza. Alisema amesikia soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwamba huku Uingereza nachoma sindano kwa laki na themanini kwa mtu, watu kumi kwa siku. Kwa hiyo amekaa na wakubwa, wamekubaliana injini ya mtumbwi wa baba iuzwe pamoja na kile kiwanja cha Kisesa, aje asomee akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, kama mimi. Mama mdogo akaongeza kwamba ukoo hauwezi kuinuliwa na mtu mmoja. Binamu yangu mmoja akamalizia kwamba aliyekwisha kuvuka hapendi kivuko kirudi kuchukua wenzake.

Maneno ya binamu yaliniuma mpaka nikashindwa kulala. Nimekaa nayo siku nne. Sasa nawajibu nyote kwa pamoja, maana uvumi huu haukuanzia Mwaloni. Umeanzia kwangu, kwa pesa nilizokuwa natuma bila kusema zinatoka wapi.

Bei ni kweli. Mgonjwa wangu analipa pauni 55, ambazo kwa shilingi ni 180,000 na ushee. Aliyewaambia hivyo hakudanganya. Ila hao watu kumi kwa siku hawapo. Wiki nikibarikiwa sana napata wagonjwa 12. Wiki ya kawaida ni 8. Mwezi wa nane watu wakienda likizo, na Januari wakiwa wamemaliza pesa kwenye Krismasi, nimewahi kupata 3 kwa wiki nzima. Chumba nimekodi siku mbili na nusu kwa wiki, pauni 70 kwa siku, awepo mgonjwa asiwepo. Hapo kuna bima, maana ukimtoboa mtu vibaya bila bima umekwisha. Kuna ada ya chama, kufua mashuka, na makato ya mashine ya kadi. Sindano zenyewe ndiyo kitu rahisi kuliko vyote. Toa hivyo vyote, kisha gawanya kwa wiki, inabaki kama pauni 200, na hapo kodi ya serikali bado.

Ndugu zangu, sikuwahi kuwaambia jambo hili, na leo naliandika nikiwa natetemeka kidogo. Zile pesa za bati za nyumba ya mama, ada ya watoto wa marehemu dada, na hiyo injini yenyewe mnayotaka kuuza, nyingi hazikutoka kwenye sindano. Zimetoka kwenye nyumba ya kulelea wazee, usiku, mara mbili kwa wiki, kwa kima cha chini cha mshahara. Aprili 2025 walikipandisha kikawa pauni 12.21 kwa saa. Saa kumi kwa usiku mmoja. Nageuza wazee kitandani wasipate vidonda, nabadilisha nepi, nawasafisha, nawapa maji kwa kijiko. Usiku mbili zinanilipa kuliko wiki nzima ya udaktari wangu. Nikiwa huko mlikuwa mnanipigia, nami nawaambia "niko kliniki". Nilikuwa nasimama kwenye korido ya kuhifadhia mashuka ili msisikie kengele za wazee.

Kulea mzee si aibu. Kuna babu mmoja pale alikuwa mvuvi wa Bahari ya Kaskazini, vidole vyake vimepinda kama vya baba, na nikimkanda mikono usiku anatulia kama mtoto. Kazi hiyo naiheshimu. Kinachonichoma ni kwamba niliwaficha, na kwa kuwaficha nimemfanya mdogo wangu aone injini ya baba kuwa kitu cha kuuza.

Sasa nije kwako, mdogo wangu. Wewe ni afisa tabibu. Umesoma miaka mitatu, watu wa zahanati wanakusubiri mlangoni alfajiri. Hapa ukija utakuwa nani? Mimi nilisoma Nanjing miaka mitano kwa ufadhili wa serikali ya China, mwaka wa kwanza wote ni lugha tu, halafu nikaingia Uingereza kwa mgongo wa visa ya mke wangu ambaye ni muuguzi. Njia hiyo wewe huna. Utakuja na visa ya mwanafunzi, na visa ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri hata kwa siku moja. Kazi ya kuajiriwa ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi. Ada ya afya ya uhamiaji peke yake ni pauni 776 kwa kila mwaka wa visa, na unalipa ya miaka yote kabla hujapanda ndege. Injini na kiwanja havitamaliza karo ya mwaka wa kwanza. Utabaki huku bila chuo, na baba atabaki kule bila mtumbwi.

Tuseme umesoma, umemaliza, una karatasi. Hapo ndipo pananikera kuliko baridi. Nchi hii haina sheria inayolinda jina la mtaalamu wa akupancha. Mtu aliyesoma wikendi mbili tatu anaweza kubandika kibao mlangoni sawa na mimi niliyesoma miaka mitano. Halmashauri inakusajili kwa sheria ya mwaka 1982, na sheria hiyo inatuweka kundi moja na wachora tatuu na watoboa masikio. Inaangalia usafi wa sindano, sinki la kunawia, na sanduku la kutupia vyenye ncha kali. Kama unajua kutibu au hujui, haiulizi. Kwa hiyo heshima unaitafuta mwenyewe, mgonjwa mmoja mmoja, kwa kujiunga na chama chenye masharti magumu na kwa mikono yako.

Na mikono hiyo ni myeusi, tusifichane. Mwezi wangu wa kwanza alikuja mama mmoja wa makamo, shingo imekakamaa. Nikampokea, nikamwonyesha pa kuweka koti. Akaketi, akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa daktari atafika saa ngapi. Nikamwambia daktari ni mimi. Akasema alitegemea Mchina. Hakunitukana. Alichukua koti lake, akaomba radhi, akaondoka, na saa yake ikabaki tupu nikiwa nimeshailipia chumba. Nilikaa kwenye kile kitanda cha wagonjwa, karatasi yake mpya haijakunjwa hata kidogo, nikasikiliza saa ya ukutani mpaka mgonjwa wa pili alipobisha hodi.

Hata wanaokuja hawatumwi na hospitali, wanatoa mfukoni. Wengi huku wanaumwa kiuno, kama kwetu tu. Mwaka 2016 NICE, chombo kinachoelekeza matibabu ya serikali hapa, kilisema akupancha isitolewe kwa maumivu ya kiuno. Mwaka 2012 kilikuwa kimeikubali kwa kuzuia kipandauso, na mwaka 2021 kikasema inaweza kufikiriwa kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine. Mgonjwa amesoma hayo yote kabla hajafika. Anakuuliza, nawe usimdanganye. Mimi huwa namwambia: tujaribu mara nne, usipoona tofauti nitakwambia mwenyewe usirudi. Nimepoteza wateja kwa neno hilo. Wamerudi wengine kwa neno hilohilo.

Na kodi. Watu wa TRA wa huku wana utaratibu wao kwa mtu aliyejiajiri. Desemba 2023 nilituma pauni 1,500 za bati, mama akanipigia akilia kwa furaha, nami nikalia naye. Mwezi uliofuata ilikuwa lazima niwe nimelipa kodi kabla ya tarehe 31. Nilijua nadaiwa pauni 2,100, nilikuwa nimeweka akiba nusu, nikajua nitakopa kwa mke wangu zilizobaki. Nikafungua hesabu usiku, natoka zamu, nakuta imeandikwa pauni 3,150. Nilidhani mfumo umekosea. Kumbe kodi ikizidi pauni 1,000 wanakutaka utangulize nusu ya mwaka unaofuata hapohapo, na nusu nyingine tarehe 31 Julai. Yaani unalipia pesa ambayo hujaipata bado, kwa wagonjwa ambao hujawaona. Mke wangu hakunisema. Alitoa akiba ya nauli ya kuja nyumbani, ndiyo maana mwaka ule hamkutuona, mkasema tumejisahau.

Basi ukija, ukijiajiri, kila pauni inayoingia ikate robo uifiche, usimtumie mtu hata akilia. Hata akiwa mama. Nikisema hivyo najua mwenyewe sikuweza, na mama akilia kesho nitatuma. Sijui nikushauri nini hapo. Angalau ujue.

Msije mkadhani naichukia kazi. Naipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Sindano ni nyembamba kama unywele wa farasi, robo ya milimita. Unaingiza, unaizungusha taratibu, halafu unasubiri. Inakuja ile hali ya uzito, sindano inashikwa kwa chini. Wachina wanaiita deqi. Mwalimu wetu Nanjing alisema ni kama samaki anapomeza chambo. Wenzangu darasani waliandika madaftarini. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimeshashika mshipi usiku na baba, miguu ndani ya maji ya mtumbwi, karabai zinawaka huko mbali kwa wavua dagaa, na nilikuwa nakijua kile kigugumizi cha kamba kidoleni tangu nina miaka saba.

Na mnakumbuka likizo yangu ya mwisho. Nilimchoma baba kiuno chini ya mwembe, amelala kifudifudi kwenye mkeka, kwa sababu alikuwa hawezi kuinama kuvuta wavu. Sikusema nitamponya. Siku ya tatu alitembea mpaka ufukweni bila fimbo, na jioni majirani wakajaa uani. Nilichoma watu 23. Hakuna aliyeniuliza daktari yuko wapi. Mmoja alileta sato wawili, mwingine sado ya dagaa, bibi mmoja akanishika kichwa akasema "wabeja" tu, asante ya Kisukuma, akaenda. Sijawahi kulipwa vile huku Leeds. Halafu nikapanda ndege nikarudi kwenye korido ya mashuka. Kwa nini nilirudi? Watoto wangu wako shule hapa, mke wangu ana kazi hapa, na mwezi ule ada ya watoto wa dada ilikuwa inadaiwa. Mkitaka jibu lingine sina.

Kwa hiyo mdogo wangu, usije. Na kama bado roho inakusukuma, njoo kwa njia nyingine. Madaktari wa Kichina kutoka Shandong wamekuwa wakija Tanzania tangu 1968. Ukisikia wako hospitali yoyote kanda ya Ziwa, nenda kajitambulishe, omba kusimama pembeni utazame. Omba ufadhili wa China, huko unalipiwa karo, huuzi kitu cha mtu. Ukimaliza rudi. Kwetu kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, limewekwa na sheria ya mwaka 2002, unasajiliwa kwa jina lako na kazi yako. Ukiwa afisa tabibu mwenye sindano mkononi pale Ilemela utakuwa na watu wengi kuliko mimi nitakaowapata huku maisha yangu yote. Watalipa kidogo, ndiyo, wengine kwa dagaa. Mtoto hasomi kwa dagaa, nalijua hilo pia, usinirudishie.

Jambo moja nakukataza kabisa. Najua uliniibia pakiti moja ya sindano nilipokuja. Usimchome mtu. Hasa juu ya bega, ile sehemu wanayoiita Jianjing, kila mtu anaumwa pale na kila mtu atakuomba pale. Chini yake kuna ncha ya pafu. Ukizamisha vibaya hewa inaingia kifuani na mtu anaweza kufa mikononi mwako huku anakushukuru. Mimi nilichoma mwaka mzima kwenye mto wa kulalia na kwenye paja langu mwenyewe kabla sijaruhusiwa kugusa bega la mtu. Weka hiyo pakiti juu ya kabati mpaka nije.

Mama mdogo, ninakuheshimu, na ukoo nitaendelea kuushika kadiri ninavyoweza, ila kuanzia mwezi huu nitasema kiasi nilichonacho kabla hamjapanga matumizi. Binamu, kivuko kikiwepo nitakuwa wa kwanza kuwaita.

Injini ifunikeni turubai, msiiache ufukweni na mvua hizi. Plagi zake nitatuma pesa, si nyingi. Mwambieni baba nauli naipanga kwa mwezi wa nane, nikishamaliza ile ya tarehe 31 Julai. Awe na mkeka tayari, na asijisumbue kuninunulia sangara. Sato mmoja wa Igombe anatosha.