Muulize Fundi Sola: Mbona roboti za Mirihi hazina waipa?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tatu, Singida. Juzi niliwasimulia wanafunzi habari za InSight, mtambo wa NASA uliozimika kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2022 baada ya paneli zake za sola kujaa vumbi. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akasimama: "Mwalimu, hata daladala ina waipa. Hao wameshindwaje?" Darasa likaangua kicheko, na mimi jibu sikuwa nalo. Nisaidie.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo kijana mpe hongera. NASA waliulizwa swali hilohilo mara nyingi hadi wakalijibu hadharani.

Nianze na vumbi lenyewe. Lile linaloelea kwenye anga la Mirihi chembe yake ina upana wa mikroni 3 hivi, wakati unywele wa mtu unafika mikroni 70. Hewa ya kule ni kavu sana, kwa hiyo chembe zikisuguana zinapata chaji ya umeme tuli, na zikitua kwenye kioo zinang'ang'ania. Mimi riziki yangu ni kupanda mapaa, Dodoma mjini na vijiji vya Bahi, na jambo la kwanza ninalomkataza mteja ni kufuta paneli kwa tambara kavu mwezi wa tisa. Atadhani anasafisha kumbe anasaga. Ukiiangalia kwa ubavu jua linapozama unaona mikwaruzo ya mviringo, alama za mkono wake mwenyewe. Dawa ni maji, alfajiri, kabla kioo hakijapata moto. Mirihi maji ya kumwaga hakuna. Waipa ya kule ingekuwa tambara kavu la kudumu.

Halafu waipa haitembei bure. Inataka mota, gia, beringi na nyaya, na vyote viamke asubuhi baada ya usiku wa nyuzi 90 chini ya sifuri. Kila kilo unayopakia kwenye roketi unamnyang'anya mtu mwingine nafasi ya kipimo chake. Ikikwama katikati ya paneli, umejitengenezea kivuli cha kudumu, na kivuli kidogo kinavyoua paneli hilo fundi yeyote wa sola atakwambia. Wahandisi wa InSight wakachagua njia ambayo hata mimi ningeichagua: wakaweka paneli kubwa kuliko mahitaji ya siku ya kwanza, mbili za mviringo, kila moja upana wa mita 2.2, wakijua zitafifia. Mtambo ulitua Novemba 2018 ukizalisha wati-saa kama 5,000 kwa siku ya Mirihi. Kufikia Mei 2022 zilibaki 500 hivi, yaani taa tano za wati 10 kwa saa kumi. Kazi waliyoupangia ilikuwa ya miaka 2, umeishi 4. Kwa hiyo wanaosema "wameshindwa" wananishangaza kidogo.

Sasa kuna jambo ambalo wanafunzi wako watalipenda zaidi. Kasi ya vumbi kutua ilijulikana mapema. Kigari kidogo cha Sojourner kilipima mwaka 1997: paneli ilikuwa inapoteza asilimia 0.28 ya nguvu yake kwa siku. Ndiyo maana magari mawili yaliyotua Januari 2004, Spirit na Opportunity, yalipangiwa siku 90 tu. Ambacho hakikuwa kwenye hesabu ni upepo. Machi 2005 nguvu ya Spirit ilipanda ghafla. Upepo ulikuwa umepita na kupangusa paneli, na wakati huohuo kamera zake zikaanza kunasa chamchela zikikatiza bondeni. Opportunity nayo ilioshwa hivyo mara kadhaa. Picha zake za Januari na Machi 2014 ukiziweka pamoja utadhani ni magari mawili tofauti: la kwanza jekundu kwa vumbi, la pili paneli zake nyeusi zinang'aa. Siku 90 zikawa zaidi ya miaka 14.

InSight ilikaa tambarare ya Elysium, na chombo chake cha kupima mgandamizo wa hewa kilihesabu mamia ya chamchela zikipita jirani. Hata moja haikuisafisha. Hapo utaona kwamba mahali unapotua panaweza kuzidi ufundi wako wote.

Si kwamba walikaa mikono mifukoni. Walijaribu kutikisa paneli kwa mota zilizozikunjua siku ya kutua, vumbi halikubanduka. Mei 2021 wakafanya kitu ambacho kwa kukisikia tu ungesema wamechanganyikiwa: wakachukua mchanga kwa mkono wa roboti na kuumwaga karibu na paneli. Mchanga juu ya matatizo ya vumbi! Lakini tazama walivyopanga. Walingoja adhuhuri, saa ambazo upepo una nguvu. Wakaumwaga upande unakotokea upepo. Punje kubwa zikasukumwa zikirukaruka juu ya kioo, na kila zilipogonga ziliondoka na vumbi laini lililokuwa limeganda. Wakapata nyongeza ya wati-saa kama 30 kwa siku. Ni kidogo, lakini kwa mtambo unaohesabu kila wati-saa, ni chakula. Wakarudia tena na tena. Mei 4, 2022, nguvu ikiwa imeshapungua vibaya, chombo chake cha kusikiliza mitetemo kikanasa tetemeko kubwa kuliko yote iliyowahi kuyapima huko. Mwaka wa ziada walioupigania ulijilipa siku hiyo moja.

Mwambie pia kijana wako kwamba waipa isingeokoa kila roboti. Juni 2018 tufani ya vumbi ilizingira Mirihi nzima. Opportunity, ikiwa kwenye ukingo wa kreta ya Endeavour, ilipozungumza mara ya mwisho Juni 10 ilikuwa inapata wati-saa 22 kwa siku. Siku chache kabla zilikuwa zaidi ya 600. Tatizo hapo lilikuwa anga lenyewe, jua halionekani. Ungepangusa kioo hadi king'ae usingepata kitu. Waliita mara zaidi ya elfu, wakaungoja hata msimu wa upepo, kimya. Februari 2019 NASA ikatangaza mwisho. Upande mwingine wa sayari, Curiosity iliendelea kufanya kazi ndani ya tufani hiyohiyo kwa kuwa umeme wake hautoki kwenye jua, unatokana na joto la plutoniamu. Tena Curiosity ina brashi, yenye nyuzi za chuma! Ila ni ya kupangusa miamba kabla ya kuipiga picha, maana mwamba ukikwaruzika hakuna anayedai fidia.

SWALI: Fundi, mimi naendesha bodaboda Morogoro. Nasikia Mwezini hakuna upepo kabisa. Basi vumbi halina shida huko?

JIBU: Lina shida zake, mdogo wangu. Punje za Mwezini hazijawahi kusuguliwa na maji wala upepo, kwa hiyo zimebaki na ncha kali kama zilivyovunjika. Kwenye beringi au mpira wa kuzibia ni balaa. Mwaka 1973 Wasovieti walikuwa na gari lao, Lunokhod 2, lililokuwa limeshatembea kilomita 39. Paneli yake ya sola ilikuwa kwenye mfuniko: mchana unafunguliwa kupata jua, usiku unafungwa kutunza joto. Mwezi wa Mei likaingia kwenye kreta ndogo, mfuniko ukiwa wazi ukagusa ukuta, udongo ukaangukia paneli. Ulipofungwa usiku, udongo ule ukamwagikia sehemu ya kutolea joto. Jua lilipochomoza tena likashindwa kupoa, likachemka, likafa. Na wewe angalia rejeta ya pikipiki yako, kama inayo, isije ikazibwa na tope la masika.