Kutafuta turbo ya Cessna ya zamani ukiwa Malindi

Salaam kaka. Umeeleza kwamba Cessna TU206G yako ya mwaka 1979, inayolala hapa uwanja wa ndege wa Malindi, hutoa moshi mwingi wa buluu kila asubuhi inapowashwa. Kwamba umeambiwa turbo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi, imekwisha na nyingine haipatikani. Na kwamba kuna mtu anayekuuzia turbo iliyotolewa kwenye ndege iliyobomolewa, kwa bei nafuu lakini bila cheti. Unauliza kama uinunue. Usiinunue, na hiyo uliyonayo usiifungue bado.

Nimetunza ndege ya aina hiyo hiyo kwa miaka mingi, na kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta kipuri kabla ya kuthibitisha kwamba kimeharibika. Turbo ya injini ya Continental TSIO-520, iliyo katika ndege yako, hulainishwa na oili ya injini yenyewe. Kwenye mrija unaoingiza oili kuna vali ndogo inayoizuia isishuke ndani ya turbo injini ikishazimwa, na upande wa kutokea kuna pampu inayoinyonya na kuirudisha. Vali hiyo ikichoka, oili huteremka usiku kucha, ikajaa ndani ya turbo, ikavuka sili na kuingia katika bomba la moshi, kisha asubuhi unapowasha, uwanja mzima unafuka. Mimi nilikuwa nimekwisha kulipa amana ya turbo nzima, ndipo fundi mmoja mtu mzima wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, akanishauri nibadilishe vali kwanza. Nilibadilisha, na moshi ukakatika siku ile ile. Kwa hiyo anza na vali, kisha kagua pampu, kisha shika mhimili wa turbo kwa vidole uone kama unacheza kupita kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha matengenezo, au kama panga zake zimekwaruza ukuta. Ukikuta kimojawapo, hapo ndipo utasema turbo imeharibika.

Angalia pia kile kilango kinachopitisha moshi pembeni ya turbo, ambacho mafundi hukiita westigeti. Ndege ikiruka chini kati ya hapa na Manda, kilango hicho hakipati kazi nyingi kama kinavyopata safari za bara. Na ndege ikikaa siku kadhaa katika hewa yetu ya chumvi, kutu na masizi hukikamata. Kikikwama, nguvu hupungua au huzidi, na lawama huiangukia turbo. Mimi hukipaka mafuta ya Mouse Milk kila mara injini inapofunguliwa kwa huduma, ikiwa imepoa kabisa.

Tuseme sasa umethibitisha kwamba turbo ndiyo mbovu. Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika hapa ni kwamba kipuri adimu unachokitafuta huenda ukawa nacho tayari. Turbo yako ya zamani, iwapo nyumba yake, yaani ganda la chuma linaloizunguka, haijapasuka, yaweza kupelekwa katika karakana iliyoidhinishwa, ikabadilishwa beringi, sili na hata mhimili, na ikarudi na cheti. Karakana nyingi za Marekani zitakupa iliyokwisha kutengenezwa kwa sharti kwamba uwapelekee yako. Usipoipeleka, au ikifika imepasuka, watakudai nyongeza kubwa. Kwa sababu hiyo usikubali ikaguswe kwa nyundo na patasi. Tena usiipeleke kwa mafundi wa turbo za malori kule Mombasa. Wengi wao ni hodari sana katika kazi yao, lakini hawana idhini ya kutia saini chombo cha kurukia, na turbine, yaani gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi, katika injini hii hufanya kazi katika moshi unaokaribia nyuzi 900 za Selsiasi.

Ukilazimika kununua, tafuta kwa namba, usitafute kwa jina. Turbo hizi zilitoka kwa Garrett AiResearch, na leo zinahudumiwa na Hartzell Engine Technologies wa Montgomery, Alabama, hivyo anayetafuta kwa jina la zamani peke yake aweza kudhani zimetoweka duniani. Chukua namba iliyopigwa kwenye kibao cha turbo pamoja na tarakimu zinazofuata kistari, kwa kuwa turbo mbili zenye mwanzo mmoja wa namba zaweza kutofautiana ukubwa wa nyumba. Linganisha na katalogi ya vipuri ukitumia namba ya mfululizo ya ndege yako. Niliwahi kuagiza kwa muuzaji wa mbali bila kuzisoma tarakimu za mwisho. Turbo ilifika baada ya wiki 11, haikuoana na bomba, na karatasi iliyoambatana nayo ilikuwa nakala ya cheti cha turbo nyingine. Fedha zile sikuzipata tena. Usidanganyike pia na 206 mpya: Cessna walisimamisha uzalishaji mwaka 1986, na T206H iliyoanza mwaka 1998 ina injini ya Lycoming, kwa hiyo mfumo wake wa turbo hautakufaa.

Kuhusu mahali pa kutafuta, watu wetu hukimbilia Marekani moja kwa moja, na mimi nadhani hilo si sahihi kila mara. Afrika Kusini na Botswana, hasa Maun, zimekuwa na Cessna 206 na 210 nyingi za kubeba watalii, na mafundi wa huko wanayajua matatizo haya kama sisi. Kwa mabomba ya moshi nimefaidika na Knisley Welding wa California, ambao hutengeneza upya bomba lako mwenyewe. Kwa vipuri vidogo vya mwili wa ndege, McFarlane wa Kansas hutengeneza vingi kwa kibali cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani.

Cheti ndicho kinachoifanya turbo ya yule mtu wako isiwe na thamani kwako. Dai cheti cha kipuri, FAA 8130-3 au Fomu 1 ya EASA, mamlaka ya anga ya Ulaya, kiwe halisi, chenye namba ile ile iliyopigwa kwenye chuma, na uombe picha za cheti na za namba hiyo kabla ya kutuma hata shilingi moja. Bila karatasi hiyo, mhandisi mwenye leseni hapaswi kukutilia saini, na akikubali kufanya hivyo, ndege hiyo usipande.

Maadamu eneo hilo litafunguliwa, agiza pamoja klampu mpya ya V inayofunga bomba la moshi kwenye turbo. Klampu hizo zimewahi kuvunjika angani na kusababisha moto, na mwaka 2023 FAA ilitoa agizo kwamba zile za vipande vilivyounganishwa kwa welding ya nukta zisitumike kupita saa 500. Yangu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, chini ya nukta, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo na kurunzi.

Mzigo ukitumwa, hakikisha ankara imeandikwa kuwa ni kipuri cha ndege, pamoja na namba yake. Wangu mmoja uliandikwa turbo ya gari, ukakaa forodhani Nairobi hadi kaskazi ikaisha. Ukifika, uhifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, vizibo vikiwa mahali pake, mpaka siku ya kufunga.

Badilisha vali kwanza, kisha uniletee picha ya kibao cha turbo yako na namba ya mfululizo ya ndege. Katalogi ninayo, na nitakulinganishia.